Kasha Lililoliwa na Chumvi

Amplifaya ya valvu ikikaa pwani, huoza kuanzia chini. Valvu zenyewe ni kioo kilichofyonzwa hewa, chumvi haina pa kuingilia. Transfoma ni chuma kizito kilichonyweshwa vanishi, nayo huvumilia. Kinachokufa mapema ni kasha: mbao nne zilizoungwa pembeni, ubao wa spika mbele, na ubao wa nyuma usiofika chini. Miguu ya mpira hukauka ikang'oka, kasha likalala juu ya saruji, na kila asubuhi anayepiga deki hulipitishia tambara la maji. Juu ya mbao imebandikwa ngozi ya plastiki. Ngozi hiyo hukinga mikwaruzo, lakini hukinga pia jua na upepo, hivyo unyevu ukishaingia hautoki. Tena chumvi huvuta maji kutoka hewani, na ubao uliokwisha kunywa chumvi haukauki hata Januari, kaskazi inapovuma kavu. Ukiugonga kwa kidole utasema ni mzima. Ukichomeka msharasi, unazama hadi mpinini.

Kasha la namna hiyo ndilo lililonipeleka Kwale. Nilivuka Likoni asubuhi, saa ambazo umati wa ng'ambo unakimbilia kisiwani kazini, na anayeelekea kusini hupata feri yenye nafasi. Mkobani nilikuwa na bisibisi, msharasi, taa ya kichwani, na waya wenye rezista wa kumwagia umeme unaobaki ndani ya kapasita. Matatu ikapita Ng'ombeni, Waa, Kombani na Tiwi, minazi huku na huku, mihogo chini yake. Ukiifuata barabara hii mpaka mwisho unafika Lunga Lunga, unavuka Horohoro, unaingia Tanga, mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Siwezi kuipita bila kuwakumbuka wanamuziki wa zamani, gita mapajani, wakihesabu vizuizi vya polisi.

Ukunda nilipokewa na mzee aliyepiga gita la solo katika hoteli za Diani tangu miaka ya sabini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wako yuko ndani."

Mgonjwa alikuwa amefunikwa leso mbili, juu yake pamewekwa sinia la vikombe. Tulipoviondoa ikaonekana Vox AC30, jopo la swichi la rangi ya shaba, vipini vya ngozi juu, kimoja kimekatika. Amplifaya hii ilibuniwa na Dick Denney katika kampuni ya Tom Jennings, huko Dartford, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Ina wati 30, na valvu nne za EL84 za kusukuma sauti. Mbele zipo spika mbili za Celestion za inchi 12, na uzito wake wote unapita kilo 30. Kwa kuwa ni ya Kiingereza na inakubali volti 240, ilipofika Mombasa ilichomekwa ukutani moja kwa moja. Zile za Kimarekani zilihitaji transfoma ya kushushia umeme, na nyingi ziliungua mikononi mwa watu waliokosa kuambiwa.

Beatles walipiga kwa AC30. Lakini mtu wa mwambao ana sababu ya karibu zaidi ya kuipenda. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na sauti ya gita iliyomfuata jukwaani katika Queen ni ya Brian May akipiga kwa amplifaya za aina hiihii, zimepangwa nyuma yake safu kwa safu. Mzee hakuwa na habari hiyo. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na sisi tulikuwa tunapiga kwa chombo cha mwenzetu."

Alikinunua kwa kiongozi wa bendi Mombasa. Wakati huo muziki wa umeme ulikuwa umeshakomaa pwani. Fundi Konde, Mgiriama wa Kilifi, anatajwa miongoni mwa watu wa kwanza kulipiga gita la umeme nchini Kenya. Ndugu wa ukoo wa Harrison waliunda Them Mushrooms mwaka wa 1972, na miaka kumi baadaye wakatoa Jambo Bwana, wimbo wa Teddy Kalanda Harrison uliotoka hotelini ukazunguka dunia. Huku kusini, hoteli zilikuwa zinajipanga ufukweni mwa Diani: Trade Winds, Two Fishes, Jadini, Africana Sea Lodge. Wageni walishuka kwa ndege za kukodi kutoka Ujerumani, Uswisi na Uingereza, na kila hoteli ilitaka bendi yake baada ya chakula cha usiku. Mzee ananiambia kijana aliyejua solo, rithim na besi hakukosa kazi. Jukwaa lilikuwa karibu na bwawa la kuogelea, na bwawa lilikuwa karibu na bahari. Mvuke wa chumvi ulitua juu ya kila kitu. Asubuhi walifuta nyuzi za gita kwa mafuta ya nazi ili zisishike kutu. Kasha hakuna aliyelifuta.

Halafu ukafika Agosti 1997. Vurugu za Likoni, zile ambazo watu wa huku huziita Kaya Bombo, ziliua watu na kuhamisha maelfu, na wageni wakakimbia. Hoteli zilibaki tupu msimu mzima, na mwaka haujaisha mvua za El Niño zikaharibu barabara. Mzee na wenzake waliambiwa warudi nyumbani mpaka waitwe. Hawakuitwa. Hoteli zilipoamka, mtu mmoja mwenye kinanda chenye midundo iliyorekodiwa tayari alikuwa amechukua nafasi ya watu sita. Amplifaya ikapelekwa Ukunda kwa mkokoteni, ikawekwa pembeni mwa sebule, ikawa meza.

Umeme wake ulikuwa umeshatengenezwa Mombasa, kapasita za zamani zimebadilishwa. Hata hivyo nilichomoa waya wa ukutani na kumwaga umeme uliobaki kabla ya kugusa chochote, maana ndani ya AC30 mna zaidi ya volti 300, na kapasita huziweka hata mashine ikiwa imezimwa. Anayetaka kutengeneza kasha la amplifaya ya valvu aanze na hilo, au amwite fundi wa umeme alitoe jopo lenye valvu. Baada ya hapo kasha ni useremala tu.

Tulilitoa jopo, tukazitoa spika na kuzilaza juu ya godoro, nyuso zikitazama juu. Kisha nikaibandua ngozi. Kazi hii ina siri moja: joto. Pasi ya makaa, isiyo kali mno, ikipitishwa juu ya kitambaa cha pamba huilainisha gundi ya zamani, na ngozi hutoka nzima ukiivuta taratibu kwa pembe. Ngozi nzima inaweza kurudishwa, nami sioni sababu ya kuitupa kwa sababu ina makovu. Kovu la sigara juu ya kipini cha kati, mzee anajua ni la nani.

Chini ya ngozi tukaona hali ilivyo. Kasha ni la plaiwudi nzuri, tabaka nyembamba zilizopishanishwa nyuzi zake, zikafanya ubao mwepesi usiopinda. Ubao wa juu ulikuwa kama umetoka kiwandani jana. Mbavu zilikuwa nzima mpaka karibu na chini, na hapo mchwa walikuwa wamekula tabaka moja wakaacha jingine. Ubao wa chini haukuwa ubao tena, ulishikwa na ngozi tu. Misumari ya chuma ilikuwa imevimba kwa kutu na kuipasua mbao kutoka ndani. Ubao wa spika ulikuwa umejaa maji ya miaka mingi upande wa chini, ukapinda, na hiyo ndiyo sababu spika ya kushoto ilikuwa ikikwaruza. Ubao ukipinda huvuta fremu ya spika, na koili iliyokusudiwa kuelea katikati ya sumaku huanza kugusa ukuta wake.

Nikaugeuza ubao wa nyuma. Upande wa ndani palikuwa na maandishi ya penseli, mistari mingi, kila mmoja na herufi moja au mbili: C, A ndogo, G, tena C. Zilikuwa funguo za nyimbo za usiku mmoja, kwa mpangilio wake, zimeandikwa mahali ambapo mpiga gita akiinama kurekebisha waya angeziona na wageni wasizione. Majina ya nyimbo hayakuandikwa. Mzee alivaa miwani, akaanza kuhesabu kwa kidole, akaimba kimoyomoyo, akazijaza zote isipokuwa moja. Yapo maelfu ya picha za watalii wakicheza usiku wa Diani. Ratiba ya muziki wenyewe, kwa mkono wa waliopiga, ndiyo kwanza nikaiona, tena nyuma ya ubao uliotaka kutupwa. Tangu dakika hiyo nilijua kazi hii haiwezi kuwa ya kutengeneza kasha jipya.

Maseremala wa Ukunda waliona vingine. Wapo wengi kandokando ya barabara, wanachonga vitanda na makochi kwa ustadi, na vumbi la msumeno linapepea hadi kwenye vibanda vya viazi karai. Wa kwanza niliyemwonyesha kasha alipima kwa futi yake akasema, "Hili tupa, bwana. Nitakutolea jingine jioni, la MDF, safi." Wa pili alisema vivyo hivyo, akaongeza kwamba nyuma atapaziba kabisa ili vumbi lisiingie.

Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao, na sababu zangu si za mapenzi tu. MDF ni unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi. Ikipata maji ukingoni huvimba, ikishavimba hairudi, na skrubu haishiki tena. Mji ulio kilomita chache kutoka baharini si mahali pake. Na ni bodi iliyokufa kwa sauti, haitetemi. Kasha la amplifaya ya gita linatakiwa litetemeke kidogo pamoja na spika, tofauti na kasha la redio ya sebuleni linalotakiwa linyamaze. Nyuma nako pameachwa wazi kwa makusudi. Spika husukuma hewa mbele na kuivuta nyuma kwa wakati mmoja. Sauti ya nyuma hutoka kwenye uwazi, hugonga ukuta, hurudi na kujaza chumba, na ndiyo inayomfanya mpiga gita asikie yuko ndani ya sauti yake. Zaidi ya hayo, valvu zinawaka moto mkali, na uwazi huo ndio pumzi yao. Ukiziba, unazipika.

Nilimuuliza mzee nani mwingine kusini hii anajua mbao na maji ya chumvi. Hakufikiri. "Nenda Msambweni, kwa mafundi wa vyombo."

Kasha tupu ni jepesi, likapanda juu ya matatu pamoja na magunia. Tukapita Mwabungo, tukafika Kinondo. Nilishuka hapo, kasha nikaliacha dukani kwa mama mmoja aliyelitazama kwa huruma, kwa sababu sijawahi kufika huku nikaipita Kaya Kinondo. Ni msitu wa Wadigo wa hekta 30 hivi, ulioingizwa mwaka wa 2008 katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huambiwa asiinue sauti na asitoke na chochote, hata kijiti. Niliingia nikiwa na kichwa kilichojaa mbao, na nikatembea kati ya miti ambayo seremala yeyote angeililia. Hakuna aliyeikata kwa karne nyingi, ndiyo maana ipo.

Gazi nilipita bila kushuka, lakini dirishani nilikuwa naitazama mikoko. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na tangu 2013 wanauza hewa ya kaboni na kutia fedha katika maji na shule. Ni pwani ya watu walioamua, kila mmoja kwa njia yake, kuuacha mti usimame. Mbambakofi, mbao ya milango ya Lamu, imekuwa adimu, na kwa kasha la amplifaya ingekuwa nzito kupita kiasi hata kama ingepatikana. Kadiri nilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kuokoa plaiwudi iliyokwisha kukatwa miaka sitini iliyopita ni sehemu ya heshima hiyohiyo.

Msambweni, ufukweni, maji yalikuwa yametoka na mashua zimelala ubavu. Fundi nilimkuta chini ya mwembe, anachonga taruma kwa tezo, mapigo mafupi, chipsi zikiruka sawasawa kwa unene. Kando yake ilikuwa mashua iliyotolewa mbao tatu za chini, upande mmoja tu, zile nyingine hazijaguswa. Nilitoa salamu, nikaketi, nikangoja amalize. Pwani humkatizi mtu mwenye tezo mkononi.

Alipoliangalia kasha hakuuliza ni la nini. Alichukua msharasi wangu, akaanza kuchomachoma kutoka juu kwenda chini, akitia alama ya mkaa kila anapoona pamelainika, mpaka alama zikaungana zikawa mstari. "Chini ya hapa pameoza, juu ya hapa pazima," akasema. "Unataka nini zaidi?"

Nikamwambia wenzake wamesema nilitupe.

"Wale wanatengeneza vitanda. Kitanda kikivunjika wanauza kingine. Chombo, mwanangu, hakitupwi kwa ubao mmoja. Mashua hii, mwenyewe ameirithi kwa babake, na mkuku tu ndio wa zamani."

Tulianza kwa kuondoa chumvi. Kasha lilioshwa kwa maji ya kisima yasiyo na magadi, likasuguliwa kwa brashi, likaachwa kivulini likapigwa na upepo siku kadhaa, maana jua la moja kwa moja huzibandua tabaka za plaiwudi. Wakati huo nilipanga chumba Msambweni, nikala samaki wa kupaka na kujifunza majina ya sehemu za mashua.

Kisha akakata. Msumeno ulipita juu kidogo ya mstari wa mkaa, lakini haukwenda wima. Ubao wa mbavu aliukata kwa mshazari mrefu, na ubao mpya akaukata kwa mshazari uleule, ili viungane kwa nyuso mbili pana zinazolaliana. Kwa ubao wa unene wa milimita 18 alitaka mshazari wa karibu sentimita 14, mara nane ya unene, na hicho ni kipimo cha kawaida cha mafundi wa plaiwudi. Yeye alikipima kwa mkono. Sababu yake ni hii. Ukiunganisha mbao ncha kwa ncha, gundi hunywewa na vinyweleo vya mti na kiungo hakina nguvu. Ukiziunganisha kwa mshazari, gundi hushika ubavu wa nyuzi, na mtetemo hupita kutoka ubao wa zamani hadi mpya bila kujua umevuka mpaka. Kwa amplifaya hilo ndilo jambo kuu. Kiungo kibovu hulia.

Plaiwudi ya kiraka ilikuwa ya kuhimili maji, kipande kilichobaki kwenye mashua ya watalii, ile yenye kioo chini cha kutazamia samaki. Ilikuwa na tabaka nyingi nyembamba, nilizihesabu ukingoni kabla sijakubali. Gundi ilikuwa ya maji mawili, ya kuchanganya. Gundi ya zamani ya ngozi ya wanyama ina sifa ya kuweza kufunguliwa tena kwa mvuke, na mahali pakavu ningeichagua, lakini pwani hewa yenyewe ni mvuke. Akabana kwa kamba ya katani iliyosokotwa kwa kijiti mpaka gundi ikachuruzika kila upande kwa usawa. Hakuwa na jiriwa hata moja, wala sikuona alipoihitaji.

Pembe za chini alizitia nguvu kwa vipande vya mwembe alivyovichonga kwa mkono, vya pembetatu, na akaviita mataruma kama ya mashua. Skrubu nilitaka za shaba. Chuma kinaposhika kutu ndani ya mbao huiozesha kwa rangi nyeusi inayotambaa, na misumari ile ya zamani ilikuwa ushahidi tosha. Fundi alikubali, ila kila skrubu aliizungushia uzi wa pamba uliochovywa mafuta ya nazi kabla ya kuikaza, vile wanavyofanya kwa misumari ya chombo ili maji yasifuate tundu. Nilimuuliza kama kuna haja, maana hili haliendi baharini. "Limetoka wapi?" akanijibu.

Tulibishana mara moja tu. Yeye alitaka kulipaka kasha lote sifa, mafuta ya ini la papa, kama anavyoipaka mashua. Mbao ingedumu, lakini harufu yake ingemfukuza mzee sebuleni kwake, na juu ya mafuta ngozi isingeshika. Tukakubaliana kwamba chini, upande unaotazama sakafu, tupake mafuta ya maganda ya korosho. Kwale ni nchi ya mikorosho, na mafuta hayo meusi mchwa hawayapendi kabisa. Yanaunguza ngozi ya binadamu vibaya, kwa hiyo alipaka kwa tambara lililofungwa kwenye fimbo, akaliacha kasha kivulini mpaka likakauka.

Ubao wa spika ulitengenezwa upya wote, kwa plaiwudi ileile. Hapo hakuna kiraka: matundu mawili ya spika hayaachi nafasi ya kuunga, na ubao huo unabeba uzito wa sumaku mbili. Tuliutumia wa zamani kama kielelezo, tundu kwa tundu. Ubao wa nyuma, wenye penseli, haukukatwa. Ulipitishwa brashi kavu, na maandishi yakafunikwa kwa vanishi nyembamba ya maji iliyojaribiwa kwanza pembeni kuona kama itayafuta.

Kitambaa cha mbele kilinisumbua zaidi ya mbao. Cha asili ni cha kahawia chenye almasi, kimechakaa kama wavu, na cha kuagiza kutoka Uingereza kingekula fedha kuliko kazi yote. Kipimo cha kitambaa cha spika ni rahisi: kiweke mdomoni, pumua. Pumzi ikipita bila kazi, sauti itapita. Leso haikupita, imefumwa kwa kubana mno. Kikoi kilipita nusu. Gunia la juti, lile la kizamani la korosho, lilipita kana kwamba halipo. Nililinunua Msambweni sokoni, likafuliwa likaanikwa, na mama mshonaji akalipiga pasi na kulikunja kingo. Lilivutwa juu ya ubao likiwa na unyevu kidogo, kwa sababu juti ikikauka hukaza yenyewe.

Niliporudi Ukunda, fundi alikuja nami. Alisema hajawahi kufanya chombo asikione majini.

Fundi viatu wa hapo Ukunda alikata miguu minne kwenye tairi ileile anayotengenezea akala, minene ya kutosha kuliweka kasha mbali na tambara la deki, na akashona kipini kipya cha ngozi. Ngozi ya plastiki ya zamani ilirudi juu na mbavuni. Pale chini palipokosekana tuliongeza ile wanayoshonea viti vya matatu, nyeusi, na mpaka wake unaonekana. Mzee aliulizwa kama anataka yote mapya yafanane. Alipitisha kidole kwenye mpaka ule, akasema paachwe.

Jopo likarudi, spika zikafungwa kwa kukaza boliti zinazokabiliana, moja huku moja kule, ili fremu isivutwe upande. Valvu zikawaka rangi ya chungwa. Tukangoja zipate moto. Mzee akaanza na uzi wa chini kabisa, akapanda noti moja moja akisikiliza, kwani kasha jipya lazima litafutiwe mahali linapolia. Kwenye G likalia, kelele ndogo ya mbao dhidi ya mbao. Fundi alikuwa ameweka kiganja ubavuni. Akakisogeza nyuma, akashuka, akasema, "Hapa. Ubao wa nyuma haujalala. Piga hiyohiyo usiiache." Akalegeza skrubu moja, akachomeka kipande cha ngozi kilichobaki kwa fundi viatu, akakaza. Kelele ikaisha, G ikatoka nene, ikakaa chumbani.

Mzee akapiga wimbo wa kwanza wa ile orodha ya penseli, kisha wa pili, akiupitia mpangilio kama ulivyoandikwa. Watoto wa jirani wakajaa mlangoni. Alipofika kwenye ule ambao hakuukumbuka, akapiga ufunguo wake tu, A ndogo, mara kadhaa, vidole vikitafuta, akauruka akaendelea. Katikati ya wimbo wa mwisho alimgeukia fundi akamwambia yupo mwenzake Tiwi, mpiga besi, ambaye kasha lake mchwa wamekula ubavu mzima, naye anataka kulichoma.

Fundi akauliza mbao zake zina unene gani.